Kazi za mikono yako ziko wapi? Namna ya kupanga sanaa ya mwanafunzi katika tovuti



Katika gazeti letu tumezoea kuwaeleza mambo ya masomo: namna ya kupanga daftari, namna ya kujitayarisha kwa mtihani wa serikali, sababu gani sabuni inaondoa mafuta kwenye nguo. Leo tunataka kueleza jambo lingine, ambalo wengi wetu tulikuwa hatujalisikia mpaka siku barua moja ilipofika hapa shuleni. Jambo lenyewe ni hili: namna mwanafunzi wa sekondari anavyoweza kukusanya kazi zake za sanaa, akazipanga katika tovuti kwenye intaneti (wengine wanasema siti), na kwa njia hiyo akapata diploma ya heshima.

Msiseme upesi: "Hii inatuhusu nini, sisi tusio na kompyuta ya kutosha?" Ngojeni kwanza. Someni mpaka mwisho, ndipo mtaona kwamba nusu kubwa ya kazi hii haiombi umeme. Inaomba kreyo, metre na uaminifu.

BARUA ILIYOTUAMSHA

Dada mmoja aliyesoma pamoja na sisi aliondoka miaka miwili iliyopita kumfuata baba yake, ambaye alikuwa ametangulia katika jimbo la Ohio, kule Marekani. Katika miji ya jimbo hilo, kama vile Columbus na Dayton, kuko jamaa nyingi zilizotoka Kongo, hata Kiswahili kinasikika sokoni na barabarani. Wale wa kalasi letu wanamkumbuka dada huyu. Yeye ndiye alichora ile ramani ya mito iliyokuwa ukutani, na ule moyo wa mtu wenye mishipa miwili ya rangi, ambao mwalimu wa biolojia aliutumia mpaka karatasi ikapasuka.

Katika barua yake alisema hivi, kwa ufupi: sasa anamaliza sekondari, anaomba diploma ya heshima katika sanaa, na anapashwa kuonyesha kazi zake kwa watu wa nje ya shule. Kazi za huko anazo. Lakini anataka kuonyesha alianzia wapi, na kazi za mwanzo aliziacha kwetu, katika kabati la nyuma: karatasi 11. "Wandugu," aliandika, "mzipige picha kwa telefone, mnitumie. Hamtapata shida, jina langu liko nyuma."

Tulikwenda kutafuta. Hapo njo aibu ilianza.

Karatasi 3 zilikuwa zimeliwa na mchwa, zilibaki pembe tu. Karatasi 2 tulizikuta zimefunika vitabu. Tunasema kweli: mmoja wetu anayeandika maneno haya alikuwa amefunika kitabu cha hesabu kwa mlima Nyiragongo, moto wake ukiwa upande wa ndani, na hakujua. Karatasi 4 zilikuwa nzima, zenye jina na tarehe. Zile 2 za mwisho hatukuziona. Lakini chini ya kabati tulikuta karatasi nyingine nzuri kupita zote: mama anatwanga sombe, mkono umeinuka, jasho linaonekana. Nyuma yake hakuna jina, hakuna tarehe, hakuna kitu. Watatu kati yetu walisema: "Ni yake, tunajua mkono wake." Mwingine akasema: "Hapana, ni ya kaka mmoja aliyemaliza mbele yetu." Tulibishana mpaka kengele ikalia.

Habari ya karatasi hiyo tutaimaliza chini. Kwanza tueleze jambo lenyewe.

DIPLOMA HII NI NINI?

Katika jimbo la Ohio, mwanafunzi anayemaliza sekondari anaweza kupata diploma ya kawaida, ao kujitahidi zaidi na kupata moja ya diploma za heshima. Kati ya hizo iko moja ya sanaa. Neno sanaa hapo lina matawi manne: dansi, teatro, muziki, na sanaa za kuonekana kwa macho, ni kusema uchoraji, uchongaji, ufinyanzi, picha za kamera na ndugu zao.

Mtu asifikiri kwamba ni diploma ya wale wanaokimbia hesabu. Hesabu imo, sayansi imo, luga za kigeni zimo, na wastani wa pointi unatazamwa. Mbele ya hayo yote kuko mambo mawili ambayo kwetu ni mageni. La kwanza: mwanafunzi anapashwa kutoka nje ya darasa na kupata ujuzi katika kazi yenyewe, mahali inapofanyiwa. La pili: anapashwa kutengeneza mkusanyo wa kazi zake, halafu mkusanyo huo uangaliwe na kukubaliwa na watu wenye ujuzi walio nje ya shule. Mwalimu wake peke yake hatoshi.

Mkusanyo huo wanauita potifolio. Neno hili limetoka katika kubeba karatasi. Zamani lilikuwa mkoba mpana wa ngozi ao wa karatasi ngumu, ambao mchoraji aliubeba chini ya kwapa akizunguka kutafuta kazi. Leo mkoba unaweza kuwa tovuti. Dada yetu alichagua tovuti kwa sababu wenye ujuzi watakaoiangalia hawakai mahali pamoja: mmoja anaifungua kazini kwake, mwingine nyumbani usiku, na hakuna karatasi itakayokunjwa ao kuloa mvua njiani.

Ohio si pekee. Katika Marekani yote kuko mtihani wa College Board unaoitwa AP Art and Design, ambao hauna karatasi ya maswali. Mwanafunzi anatoa picha 15 za uchunguzi mmoja alioufuata kwa muda mrefu, na kazi 5 alizozichagua kuwa bora. Zile 15 zinabeba sehemu 60 kwa mia ya pointi, na zile 5 zinabeba 40. Kuko tena zawadi za Scholastic, zilizoanza mwaka 1923. Andy Warhol, aliyekuwa baadaye mchoraji mkubwa, na Sylvia Plath, aliyekuwa mshairi, walizipata wakingali vijana. Na tangu mwaka 1978 kiko chama cha heshima cha wanafunzi wa sanaa wa sekondari, kilichoanzishwa na umoja wa walimu wa sanaa wa nchi hiyo.

Mnaona basi: pote swali ni moja. Hawaulizi, "Unajua kuchora?" Wanauliza, "Tuonyeshe ulichochora, utueleze ulivyofikiri."

TUSIENDE MBALI: MFANO WA LUBUMBASHI

Wengine watasema hii ni desturi ya wageni. Hapana. Mfano mkubwa uko kwetu, na ulielezwa kwa Kiswahili cha kwetu.

Katika miaka ya 1973 na 1974, mchoraji Tshibumba Kanda-Matulu alichora historia ya nchi yetu, iliyokuwa ikiitwa Zaire wakati ule. Hakuchora picha moja. Alichora picha zipatazo 100, moja baada ya nyingine, tangu wakati wa wazee mpaka siku zake mwenyewe. Alizipeleka kwa Johannes Fabian, aliyekuwa akifundisha katika chuo kikuu cha Lubumbashi. Kwa kila picha Tshibumba alisema ni nini, ilitokea wapi, na sababu gani alichora hivi na si vile. Maneno yake yalichukuliwa katika kanda za sauti, na mwaka 1996 yalitolewa katika kitabu pamoja na picha zenyewe.

Tangu mwanzo wa miaka ya 1980 habari za Tshibumba zilipotea. Lakini mtu akiuliza leo, "Tshibumba alifikiri nini juu ya kifo cha Lumumba?" jibu liko, kwa picha na kwa maneno yake. Wachoraji wengi waliuza picha sokoni wakati ule, zikatundikwa sebuleni, zikapauka, zikaisha. Za Tshibumba zilikaa kwa sababu zilikuwa na mpango, zilikuwa na maelezo, na kuko mtu aliyezitunza. Hayo matatu ndiyo potifolio. Tovuti ni kabati tu.

HATUA YA KWANZA: KUKUSANYA NA KUCHAGUA

Kwanza weka chini kazi zako zote, hata zile unazoziona mbaya. Halafu chagua. Hapo wengi wanaanguka, kwa maana wanataka kuonyesha kila kitu. Mtu anayeangalia picha 60 anachoka kwenye ya 20, na ile nzuri ya 45 hataiona. Dada yetu alichagua 18.

Chagua kazi zinazosemezana. Huko Lubumbashi, mwaka 1946, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana iliyoitwa Hangar. Ndani yake walitoka Pilipili Mulongoya, Bela Sara na Mwenze Kibwanga. Bela alipaka rangi kwa vidole. Mwenze alijaza picha yake kwa mistari midogo midogo iliyolala pamoja. Pilipili alipenda samaki, ndege na majani ya maji. Ukionyeshwa picha tatu bila majina, utajua hii ni ya nani. Basi jiulize: katika kazi zangu, ni kitu gani kinarudi? Mikono? Maji? Watu wanaongoja? Kile kinachorudi ndicho uti wa mgongo wa potifolio yako.

Usitupe kazi za majaribio. Wakaguzi wanapenda kuona mchoro wa kwanza uliokosewa, kisha wa pili, kisha ule uliokamilika. Njia nayo ni sehemu ya kazi.

HATUA YA PILI: KUPIGA PICHA

Hapa telefone inatosha, ikiwa mtu anafuata sheria chache.

Usipige picha juani saa sita, karatasi itang'aa na rangi zitakufa. Toka nje, tafuta kivuli chenye mwanga mwingi, ao simama karibu na dirisha. Zima taa ya telefone. Bandika karatasi ukutani iwe sawa, usiiweke chini ukainama juu yake, kwa sababu kivuli chako kitaanguka juu yake. Telefone iwe mbele ya katikati ya picha, isiinamie juu wala chini. Ikiinama, karatasi yako ya pembe nne itatoka kama paa la nyumba. Rudi nyuma hatua moja ao mbili, kusudi kingo zisipinde.

Kama ni chungu ao sanamu, piga upande zaidi ya mmoja, na weka nyuma yake kitambaa cha rangi moja. Tafadhali, si kile kitenge cha maua.

Sisi tulipopiga zile karatasi 4 tulikosea mara tatu. Mara ya kwanza kidole kilionekana. Mara ya pili kivuli cha kichwa. Mara ya tatu picha zilikuwa nzuri, lakini tulizituma kwa njia inayozipunguza ukubwa, zikafika huko kama stempu. Mara ya nne zilifaa.

HATUA YA TATU: KUPIMA NA KUANDIKA JINA

Kila kazi inapashwa kuwa na mambo manne chini yake: jina la kazi, mwaka, vifaa, vipimo. Kwa mfano:

Mlima wa moto. 2023. Kreyo na chai nzito juu ya karatasi. Sentimetre 42 kwa 30.

Urefu wa kwenda juu ndio unatangulia, upana unafuata. Mtu anayetazama kwenye kioo cha telefone hawezi kujua kama kazi yako ni kubwa kama mlango ao ndogo kama bahasha, ila vipimo ndivyo vinamwambia. Na ukiwa umetumia chai, mkaa ao udongo mwekundu, sema hivyo bila haya. Dada yetu aliogopa kuandika "chai". Alifikiri watamcheka. Kumbe mwalimu wake wa huko aliuliza kwanza juu ya chai kuliko juu ya mlima.

HATUA YA NNE: MANENO

Potifolio bila maneno ni kama mtu anayekutembelea, anakaa, hasemi. Andika maelezo mafupi yanayojibu maswali matatu: nimefanya nini, nimefanya kwa njia gani, na sababu gani nimefanya.

Angalieni maelezo haya mawili.

La kwanza: "Napenda sanaa tangu utoto. Sanaa ni maisha yangu. Natumaini mtafurahi na kazi zangu." Maneno haya yanaweza kusemwa na mtu yeyote juu ya kazi yoyote. Hayasemi kitu.

La pili: "Nachora mikono ya watu wanaofanya kazi, kwa sababu nilikuwa nakaa na bibi yangu sokoni, na kimo changu kilikuwa kinafika kwenye meza tu: niliona mikono mbele ya kuona nyuso. Naanza kwa mkaa, halafu nafuta kwa mkate mkavu mpaka mwanga unatoka." Hapo tunamwona mtu, tunaona njia yake, tunajua sababu.

Andika kwa luga unayoiweza kwanza, hata kama ni Kiswahili, kisha geuza katika luga inayotakiwa. Ukianza kwa luga usiyoizoea, utasema maneno unayoyaweza, si yale unayoyataka.

HATUA YA TANO: KUJENGA TOVUTI YENYEWE

Tovuti ni nini? Mwaka 1989, Tim Berners-Lee, Mwingereza aliyefanya kazi katika kituo cha uchunguzi cha CERN huko Uswisi, alitoa mpango wa kuunganisha maandishi ya kompyuta mbalimbali kusudi mtu aweze kutoka karatasi hii mpaka ile kwa kugusa neno. Ndio mwanzo wa mtandao wa tovuti.

Ukurasa mmoja wa tovuti ni faili la maandishi. Ndani yake muna alama zinazosema: haya maneno ni kichwa, hii ni aya, hapa weka picha fulani. Alama hizo zinaitwa HTML. Faili hilo pamoja na picha vinakaa katika kompyuta isiyolala, inayoitwa seva. Mtu akiandika anwani yako katika telefone yake, telefone inaomba, seva inajibu, na ukurasa unapangwa mbele ya macho yake. Ni sawa na maktaba yetu: unataja namba ya kitabu, mtunza vitabu anakwenda rafuni, anakuletea. Tofauti ni kwamba watu mia wanaweza kuomba kitabu kimoja saa moja, na kila mmoja akapata chake.

Mwanafunzi si lazima ajue HTML. Kuko huduma kama Google Sites, WordPress na Wix, ambazo zinatoa kurasa zilizopangwa, na mwanafunzi anaingiza picha na maneno. Wanaoanza wanaweza kuzitumia bila malipo; jina la kampuni linaonekana basi katika anwani. Anayetaka anwani yake mwenyewe analipa kila mwaka, na siku asipolipa, anwani inatoka mikononi mwake.

Angalisho kubwa: kama tovuti imejengwa kwa akaunti uliyopewa na shule, mara nyingi akaunti hiyo inafungwa ukiisha kumaliza. Wako wanaomaliza mwezi wa tano, na mwezi wa tisa hawana kitu. Hamisha kazi yako mapema.

Kurasa tano zinatosha:

1. Ukurasa wa mlango: jina lako, kazi moja bora, mstari mmoja unaosema unafanya nini.
2. Kazi: picha zote kwa mpango, kila moja na mambo yake manne.
3. Njia: majaribio, michoro ya kwanza, makosa.
4. Ujuzi wa nje: mahali ulipojifunza kazi, pamoja na daftari la siku.
5. Juu yangu: maelezo yako, na namna ya kukuandikia.

Ukuta wa nyuma uwe mweupe ao wa kijivu. Usiweke nyota zinazozunguka wala muziki unaoanza wenyewe. Mgeni amekuja kuona kazi zako, usimpigie ngoma sikioni.

Sasa uzito. Picha moja ya telefone ya siku hizi inaweza kuwa na upana wa pikseli 4000, na uzito wa megabaiti 4. Picha 20 za namna hiyo ni megabaiti 80. Mtu anayenunua intaneti kwa megabaiti, kama sisi, atafunga ukurasa mbele ya picha ya tatu. Punguza kila picha ifike pikseli 1600 kwa upande mrefu; uzito utashuka karibu na kilobaiti 300. Picha 20 zitakuwa megabaiti 6 tu, na macho hayataona tofauti kwenye kioo. Lakini ile picha kubwa ya mwanzo usiifute. Iweke mahali pengine, hata mara mbili: moja katika kompyuta, moja katika kidude cha USB mfukoni kwa mtu mwingine.

Jambo moja tena linasahauliwa. Kila picha inaweza kupewa maneno yaliyofichwa, ambayo kompyuta inayasoma kwa sauti kwa mtu asiyeona. Andika: "Mkono wa mama mzee umeshika kisu, unamenya muhogo." Hivyo hata kipofu ataingia katika maonyesho yako. Na wakati intaneti ni dhaifu, picha ikikawia, maneno hayo yanaonekana mbele.

Kisha kumaliza, fungua tovuti yako katika telefone ya bei ndogo ya mtu mwingine. Umwambie: "Tafuta kazi yangu ya mwisho." Nyamaza, mtazame. Pale atakapopotea, hapo ndipo pa kutengeneza.

UJUZI WA NJE NA MACHO YA WAGENI

Kwa ujuzi wa nje, dada yetu alikwenda kila Jumamosi kwa mama mmoja mfinyanzi. Wiki za kwanza hakushika gurudumu; alikanda udongo na kufagia. Aliandika kila siku katika daftari: tarehe, nilichofanya, nilichokosea. Siku moja aliandika: "Chungu changu kimepasuka katika tanuru kwa sababu hakikukauka sawasawa." Picha ya vigae vya chungu hicho aliiweka katika ukurasa wa Njia. Tulimwuliza kama haoni haya. Alijibu kwamba mfinyanzi mwenyewe, alipoangalia tovuti, alisimama hapo kwa muda kuliko pengine pote.

Sababu gani wanataka watu wa nje? Kwa maana mwalimu wako anakupenda, ao hakupendi. Rafiki zako watasema "vizuri sana" kusudi msigombane. Mgeni hana deni kwako. Neno lake lina uzito.

MAMBO YA KUJIHADHARI

Usiweke kazi isiyo yako. Ukiiga picha ya mtu kwa kujifunza, sema wazi: "Nimejifunza kwa picha ya fulani."

Siku hizi kuko programu za akili bandia zinazotoa picha ukiandika maneno tu. Katika ule mtihani wa AP Art and Design, kuzitumia kumekatazwa kabisa, tangu mwanzo wa kazi mpaka mwisho. Sababu inaeleweka: wanapima mkono na fikra zako, na programu haina haja ya diploma.

Ukipiga picha ya mtu, umwombe ruhusa. Kama ni mtoto, waombe wazazi. Usiandike mahali unapokaa wala namba ya telefone ya nyumbani. Ukurasa wa intaneti unasomwa na wema na waovu.

ILE KARATASI YA MAMA ANAYETWANGA

Turudi sasa kwenye kabati letu. Baada ya kubishana, wengi walishinda. Tulimtumia dada yetu picha 7: zile 4 nzima, zile 2 tulizoziondoa kwenye vitabu na kuzinyoosha chini ya matofali, na ile ya mama anayetwanga. Tukaandika: "Hii ya saba njo nzuri kupita zote, uiweke ya kwanza." Tulifikiri tunamsaidia. Aibu ya zile zilizopotea ilikuwa inatusukuma.

Jibu lilifika kisha siku mbili. Alitushukuru kwa zile sita. Juu ya ile ya saba aliandika: "Hiyo si yangu. Natamani ingekuwa yangu. Mtafuteni mwenyewe."

Tulinyamaza. Hakuna mtu huko Ohio angejua. Sisi wenyewe tulikuwa tayari kushuhudia. Yeye alikuwa na haja ya kazi ya mwanzo iliyo nzuri, na zile sita, tuseme kweli, ni za mtoto anayejifunza: mlima umeinama, mto mmoja unapanda kilima. Akaziweka hivyo hivyo, katika ukurasa wa Njia, na chini akaandika mwaka na vipimo tulivyompimia, pamoja na alama za kukunjwa kitabuni. Majibu ya wakaguzi hayajafika tunapoandika haya. Tutawajulisha.

Lakini kwetu kazi moja imebaki. Yuko mtu aliyechora mama anatwanga sombe, akatoka jasho juu ya karatasi ile, na leo hakuna anayejua ni nani. Pengine amemaliza, pengine anafanya biashara, pengine alikata tamaa akafikiri hana mkono. Angeandika jina na tarehe nyuma, kazi ya nusu dakika, leo tungekuwa tunamwita.

TUFANYE NINI HAPA?

Tumekubaliana mambo manne, na tunawaomba ninyi nyote mshirikiane na sisi.

Kwanza, kila kazi ya mikono iandikwe nyuma kwa kreyo: jina, kalasi, tarehe, kifaa, vipimo. Kreyo haivuji kama wino kupita mpaka mbele.

Pili, tumepata sanduku la bati lenye kifuniko, linakaa juu ya matofali, mbali na ukuta, kusudi mchwa wasipande. Atakayetaka kutunza kazi yake alete.

Tatu, mwisho wa kila muhula tutapiga picha za kazi zote kwa telefone ya mmoja wetu, kivulini chini ya mwembe, na kuziweka mahali pawili. Siku moja tukipata intaneti ya kutosha, tovuti itajengwa kwa siku chache, kwa maana kazi ngumu itakuwa imekwisha.

Nne, hakuna tena kufunika vitabu kwa michoro ya watu. Magazeti ya zamani yapo.

Ile karatasi ya mama anayetwanga tumeibandika karibu na mlango wa maktaba. Chini yake tumeacha mstari mtupu. Kama unajua mkono huo, ao ni mkono wako, ao wa kaka yako, njoo utuambie. Kreyo tumeifunga kwa kamba hapo hapo.